Mkifika London, Mle Wapi?



Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, miezi hii ya katikati ya mwaka ndiyo ambayo vyuo vingi vya Uingereza hufanya mahafali. Kwa sababu hiyo ofisi zetu za misikiti hupata wageni wa aina moja: wazazi waliokwisha kupata viza na tiketi, ambao sasa wanauliza jambo lisiloandikwa katika karatasi yoyote ya ubalozi. Wanauliza: tukifika London, tutakula wapi?

Majuma mawili yaliyopita tuliulizwa swali hilo na baba mmoja wa jamaa wa msikiti wetu. Yeye na mkewe wanakwenda kuhudhuria mahafali ya binti yao. Mama alikwishapanga kubeba nyama ya kukausha na kopo la samli, ili wasile nje hata siku moja. Binti naye aliwaarifu kwa simu kwamba wenzake wa chuo wamewaalika wote chakula cha jioni katika mgahawa, na mgahawa wenyewe unauza mvinyo. Baba akasema hatakwenda. Binti akalia. Hapo suala la chakula likageuka kuwa suala la nyumba, na ndiyo maana tumeona ni wajibu kuliandikia.

Tuanze na mzigo. Uingereza hairuhusu msafiri atokaye katika nchi kama zetu kuingiza nyama wala vitu vitokanavyo na maziwa, na samli imo humo. Vikionekana uwanja wa ndege huchukuliwa na kuharibiwa. Basi mama na aliache kopo lake nyumbani. Tunamwambia hivyo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa hatalihitaji: katika miji mikubwa ya Ulaya, London ni miongoni mwa ile ambayo Muislamu hapati taabu kubwa ya kula, akijua tu aende upande gani.

Habari hiyo si ya jana. Mwaka 1810, Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa familia ya Kiislamu ya Patna huko India, alifungua mgahawa wa vyakula vya Kihindi karibu na Portman Square, katikati ya London. Biashara yake haikudumu. Kufikia mwaka 1812 alikuwa amefilisika. Lakini leo mtu akitoka mahali hapo kwa miguu, baada ya mwendo mfupi atafika Edgware Road, barabara ambayo migahawa ya Waarabu imepangana pande zote mbili. Humo kuna shawarma, falafeli, mishikaki ya kondoo na mikate itokayo jikoni ikiwa ya moto. Ni karibu na Hyde Park, na Msikiti Mkuu wa Regent's Park hauko mbali. Bei zake, hata hivyo, ni za katikati ya mji. Tena msafiri asichanganye majina: Edgware Road ni mahali pamoja, na Edgware yenyewe ni kitongoji cha mbali kaskazini, mwisho wa njia ya treni. Anayekosea jina hupoteza saa nzima na watoto wenye njaa mkononi.

Upande wa mashariki ndiko Whitechapel, ulipo Msikiti wa London Mashariki. Nyuma yake, katika mtaa wa Fieldgate, upo mgahawa wa Kipunjabi uitwao Tayyabs, uliofunguliwa mwaka 1972 na unaosifika kwa mbavu za kondoo zilizochomwa. Lahore Kebab House nao ulianza mwaka huohuo katika mtaa wa Umberston, si mbali na hapo. Kwa kuwa migahawa hiyo ina jina, foleni zake mara nyingi ni ndefu. Mwenye watoto wadogo aende mapema au aweke nafasi kwa simu.

Jirani na hapo ni Brick Lane, mtaa wa Wabangladeshi, ambao wengi wao asili yao ni Sylhet. Pana migahawa mingi ya mchuzi wa viungo, na milangoni husimama wapiga debe kama wa stendi zetu za mabasi, kila mmoja akiahidi punguzo. Msivutwe mkono, someni kwanza orodha ya vyakula na bei. Na mkishapita hapo, waonyesheni watoto jengo la msikiti wa mtaa huo, Brick Lane Jamme Masjid. Lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso, baadaye likawa sinagogi la Mayahudi, na tangu mwaka 1976 ni msikiti. Hilo nalo ni somo, wala halina malipo.

Anayependa nyama ya kuchoma kwa mkaa aende Green Lanes, upande wa kaskazini, kwa Waturuki na Wakurdi. Huko ni kawaida mkate na kachumbari kutangulia mezani kabla chakula mlichoagiza hakijafika. Kwa hiyo msiagize vingi kwa pupa. Anayetamani wali na nyama ya mbuzi kwa namna inayokaribiana na yetu, awatafute Wasomali wa Whitechapel na Shepherd's Bush, ambao huleta wali pamoja na ndizi mbivu pembeni.

Na wapo jamaa zetu wa zamani. Wahindi waliotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wale waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, wengi waliishia katika vitongoji kama Wembley na Southall. Walihama na mapishi ya huku. Msishangae basi, katika migahawa ya upande wa Wembley, kuona chakula kiitwacho mogo: ni muhogo wetu, umekaangwa na kutiwa pilipili, na jina lake limepungua silabi tu. Migahawa mingi ya Ealing Road ni ya Wagujarati wasiokula nyama kabisa, jambo linalomwondolea Muislamu maswali mengi kuhusu uchinjaji.

Sasa tuje kwenye maswali hayo ya uchinjaji, kwani ndiyo yanayogombanisha watu. Serikali ya Uingereza haina muhuri wake wa halali. Wanaotoa vyeti ni taasisi za Waislamu wenyewe, na zinazojulikana zaidi ni mbili. Halal Food Authority iliundwa mwaka 1994. Hiyo hukubali mnyama azimishwe fahamu kwa umeme kabla ya kuchinjwa, madhali kuzimishwa huko hakumuui. Halal Monitoring Committee iliundwa mwaka 2003. Hiyo haikubali kuzimisha hata kidogo. Sheria ya nchi hutaka wanyama wazimishwe, lakini imeacha ruhusa maalumu kwa uchinjaji wa Waislamu na Mayahudi. Hivyo neno "halali" katika dirisha la mgahawa laweza kuwa na maana mbili, na kila upande una maulamaa wake.

Sisi kazi yetu ni ukatibu; fatwa zina wenyewe. Tunalosema ni hili: familia iafikiane kabla ya kupanda ndege. Mkiamua kufuata cheti fulani, basi ulizeni mlangoni, kwa upole, kabla hamjaketi: nyama yenu inatoka kwa nani, na cheti kiko wapi? Si swali la aibu London. Wenye migahawa wamelizoea, na aliye mkweli hukuonyesha karatasi ukutani. Msidhani pia kwamba duka la kampuni kubwa likiwa na nyama ya halali tawi moja, basi matawi yote ni hivyo. Kuna kampuni za kuku ambazo matawi yake baadhi ni ya halali na mengine siyo. Ulizeni kila tawi.

Hata pasipo nyama, yako ya kuulizia. Samaki na chipsi, chakula maarufu cha Waingereza, pengine hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na unga wa kumpakia samaki pengine huchanganywa na bia. Baadhi ya michuzi hutiwa mvinyo. Peremende na vitindamlo vingine vina jelatini ya nguruwe. Swali moja fupi kwa mhudumu linatosha.

Lakini kuna jambo limetuhuzunisha zaidi ya hayo. Tumesikia zaidi ya mara moja habari za wageni kutoka kwetu waliofika kwa ndugu zao London, wakawekewa chakula, wakaanza kumhoji mwenye nyumba mezani, mbele ya watoto wake, nyama ile ina muhuri gani. Mwenyeji ni Muislamu, anaswali, amekesha jikoni. Iko hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bi Aisha, Allah amridhie: watu walimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu nyama waliyoletewa na watu waliosilimu karibuni, wasijue kama jina la Allah lilitajwa wakati wa kuchinja, akawaelekeza wao wenyewe walitaje jina la Allah, kisha wale. Anayetaka kujizuia ajizuie kwa adabu: ale wali na mboga, ashukuru, anyamaze. Kuuliza kwa muuzaji ni haki yako, maana unatoa pesa. Mezani kwa nduguyo pana haki nyingine, nayo ni ya udugu.

Turudi kwa pombe, kwani ndiyo iliyomliza binti. Mgahawa unaweza kuwa na nyama ya halali na bado ukauza mvinyo. Na upo ambao wenyewe hauuzi, lakini huwaruhusu wateja kuja na chupa zao. Kwa hiyo maswali ni mawili, si moja: nyama ni halali, na je, pombe inaingia humu? Maulamaa wametuonya dhidi ya kuketi kwenye meza ambayo pombe inazungushwa. Baba alikuwa na msingi katika kukataa kwake. Lakini kukataa peke yake kungemwacha binti amesimama baina ya wazazi waliomsomesha na wenzake waliomsaidia miaka mitatu ya ugenini.

Tulimshauri baba ageuze mwaliko: yeye ndiye awaalike. Anayelipa ndiye huchagua mahali. London ina migahawa mingi ya Waislamu isiyoingiza pombe kabisa, na vijana wa chuo hawakatai mbavu za kondoo za bure. Wahenga wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na safari hii mgeni ndiye atakayekuwa mwenyeji. Binti alipowaeleza wenzake, walikubali bila kinyongo. Mmoja, ambaye si Muislamu, aliuliza kama kutakuwa na pilau. Baba sasa anahesabu viti badala ya kuhesabu makosa.

Yamebaki mambo machache ya matumizi. Katika madirisha ya migahawa mtaona stika yenye namba kuanzia 0 hadi 5. Hiyo ni alama ya usafi inayotokana na ukaguzi wa halmashauri, na 5 ndiyo ya juu. Katika England mgahawa haulazimishwi kuibandika, kwa hiyo ukiikosa mlangoni una haki ya kuuliza. Mwisho wa bili mara nyingi huongezwa ada ya huduma, aghalabu asilimia 12.5, ikiandikwa kwamba ni ya hiari, basi ni ya hiari, wala usitoe bakshishi nyingine juu yake kwa kutojua. Maji ya bomba hunyweka, nayo kwa kawaida ukiyaomba hutolewa bure. Ukisema "maji" tu waweza kuletewa chupa ya kulipia. Mwenye mtoto anayedhurika na karanga, maziwa au mayai amwambie mhudumu mapema, kwani sheria huwataka wauzaji waeleze vitu 14 vinavyodhuru watu wengi.

Na msisahau swala katika mipango ya kula. Mwezi wa Juni jua la London huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo familia inaweza kula saa moja jioni na kuiwahi Magharibi kwa raha. Desemba huzama kabla ya saa kumi alasiri, na anayechelewa chakula cha mchana atajikuta Alasiri na Magharibi zinamfukuza mezani. Ndiyo faida nyingine ya Whitechapel na ya Edgware Road: msikiti uko karibu.

Mwenye safari kama hii na apite ofisini kwetu baada ya swala ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Aje na tarehe zake, na aje na mkewe, kwa sababu tumeona kwamba maswali mazuri zaidi juu ya chakula huulizwa na akina mama.

Wabillahi tawfiiq.