Shosh Amekataa Saa ya Presha? Pengine Ako Rada Kukuliko

Umejinyima miezi miwili ukamnunulia shosh saa ya kupima presha. Ukaenda ushago, ukamfunga mkononi, mkapiga picha safi. Wiki mbili baadaye unaambiwa iko kwa kabati, chaji iliisha zamani. Unaanza kuwaka: "Hawa wazee hawatakangi teknolojia!"

Tulia kwanza, msee. Huyo shosh anatumia M-Pesa kila siku na PIN yake hata wewe hakuambii. Kifaa si shida. Shida ni maswali matatu hujamjibu. Nani anaona hizo namba? Nani analipa bando? Na presha ikipanda, mtafanya nini?

Usicheke hilo la kwanza. Agosti 2023, foleni ya Worldcoin pale KICC haikuwa ya mashosho. Ilikuwa sisi, tukipigwa skani ya macho juu ya kitu kama elfu saba. Serikali ikasimamisha hiyo mambo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ifutwe. Sasa nani mjanja hapo?

Swali la tatu ndilo zito. Kupima si kutibu. Saa ikilia saa nane usiku, dawa zimeisha na hospitali ni mbali, umemletea wasiwasi tu.

Sasa cheki upande wa pili. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii karibu 100,000, na begi lenye mashine ya presha, ya sukari, pamoja na simu ya kurekodi. Hiyo pia ni dijitali. Tofauti ni kwamba huyo mhudumu anatoka hapo kijijini, anauliza kuhusu ng'ombe kabla ya kuuliza kuhusu presha, na kesho shosh anajua pa kumpata. Saa yako haina mlango wa kubishwa.

Lakini tusidanganyane, kukataa kabisa pia ni hatari. Presha hupanda kimyakimya bila dalili, halafu siku moja ni kiharusi.

So, form ni hii. Muulize kabla ya kununua. Chukua mashine ya kufunga juu ya mkono, kwa sababu saa nyingi za mkononi hukisia tu. Namba zibaki kwake, aandike hata kwa kitabu, na yeye ndiye aamue nani ataziona. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na mtu akikubali leo, anaweza kukataa kesho. Halafu mpange mapema: namba ikifika hapa, tunapigia nani, na fare inatoka wapi?

Ukikosa jibu la hayo, wacha hiyo saa ikae kwa kabati. Nunua dawa kwanza.