Mazungumzo ya Mwalimu: Nani Atachukua Kombe?

Kila mara msimu mpya wa mpira unapokaribia, mji wetu wa Kasongo hujaa manabii. Ukitoka Misa ya pili siku ya Bwana, utawakuta chini ya miembe, redio katikati yao, kila mmoja akitabiri. Huyu asema, "Mwaka huu ligi itakuwa kali." Yule amjibu, "Kali wapi? Mazembe watachukua tena." Njiani kwenda Kabambare ni hivyo hivyo: vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya mpunga hubishana kilima hata kilima, na mabishano huwasahaulisha uzito wa mzigo. Katika hayo sioni ubaya. Mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Lakini leo yanipasa niwasimulie kosa langu.

Mwaka 2024, Linafoot, yaani ligi kuu ya nchi yetu, ilipokuwa karibu kuanza, wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho walinijia. Mmoja, mzaliwa wa Kasongo, aliiamini Maniema Union ya Kindu. Mwenzake wa Kabambare aliitegemea TP Mazembe ya Lubumbashi. Walitaka mwalimu awaamue. Nikatwaa chaki, nikaandika ubaoni kama mtu ajuaye: Mazembe wamekwisha kuwa mabingwa mara 20. Tena, tangu Lupopo waliposhinda mwaka 2002, ubingwa haukutoka katika mikono ya ekipe tatu tu: Mazembe, Vita Club na Motema Pembe. "Basi," nikasema, "hesabu hazidanganyi. Ni Mazembe."

Sikujua ya kuwa jioni ile ile wangewekeana dau. Kila mmoja alitoa fedha alizopewa na wazazi wake kwa ajili ya mtihani wa Serikali, wakazikabidhi kwa mwenye duka mmoja, hata bingwa ajulikane.

Msimu ukaanza. Mwezi wa Novemba Maniema Union, waliokuwa wameingia katika makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, walikwenda Pretoria wakatoka sare 0-0 na Mamelodi Sundowns. Mtoto wa Kasongo alitembea siku nzima kama mfalme. Mwenzake alicheka tu, akaonyesha ubao wangu.

Kisha siku za kulipa ada ya mtihani zikafika. Wakaenda dukani. Mwenye duka akawajibu, "Bingwa bado." Neno lilikuwa neno lao wenyewe. Mama wa kijana wa Kabambare alikuwa ameweka akiba mpunga wa mbegu. Akauuza, mwanawe asikose mtihani.

Mwisho wa msimu, mwaka 2025, bingwa akawa nani? Si Mazembe, wala si Maniema Union. Ni Aigles du Congo ya Kinshasa, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeitaja. Mwenye duka, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, alimrudishia kila mmoja fedha zake. Fedha zilirudi, lakini wakati wa kupanda ulipofika, mbegu zilikuwa zimepanda bei, na fedha zile hazikutosha nusu ya mpunga uliouzwa.

Kijana alinijia, akasema kwa upole, "Mwalimu, ulituambia hesabu hazidanganyi." Sikuwa na la kumjibu siku ile. Namjibu leo.

Ndugu zangu, hesabu hazikudanganya. Mimi ndiye niliyeziuliza jambo lisilo lao. Zilieleza misimu iliyopita, nami nikazisomesha kama habari ya msimu ujao. Mtu akitaka kujua kama ligi itakuwa kali, asihesabu makombe tu. Kuna maswali matatu ya kuuliza.

La kwanza: ekipe zitakutanaje? Katika misimu ya 2023-24 na 2024-25 ziligawanywa kanda mbili, Mashariki na Magharibi, kisha zile za mbele zikakutana mwishoni. Basi ekipe yaweza kuongoza kanda yake miezi mingi pasipo kupimana na wenye nguvu wa kanda ya pili.

La pili: je, michezo yote itachezwa? Msimu wa 2022-23 ulikatizwa, hakuna aliyetangazwa bingwa. Manabii wote wa mwaka ule walikosea pamoja. Nasi wa Maniema twajua kwa nini safari ni sehemu ya mchezo: kutoka Kindu hata Kinshasa ekipe hupanda ndege, na ndege yataka fedha.

La tatu: je, kuna amani? Vita vilipoingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, kiwanja gani kingewakaribisha wageni katika miji ile?

Ligi huwa kali pale ambapo ekipe ndogo yafika uwanjani ikiwa na tumaini la kweli, na mwamuzi wa haki, na ratiba isiyovunjwa. Hizo ekipe kubwa tunazozitetea kwa sauti zilianza ndogo. Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenediktini huko Lubumbashi, iliyokuwa ikiitwa Élisabethville. Daring, ndiyo Motema Pembe, ilianzishwa mwaka 1936 na Padri Raphaël de la Kethulle huko Kinshasa. Nani wakati ule angetabiri ya kuwa Mazembe watakuwa mabingwa wa Afrika mara 5?

Basi msimu mpya ukija, vijana, tabirini. Bisheni hata jua lizame. Aliyekosea na amchotee mwenzake ndoo mbili za maji, urafiki uendelee. Lakini ada ya shule na mbegu ya mama visiwekwe juu ya miguu ya watu kumi na mmoja wasiowajua.

Nami, kwa kuwa nilitabiri vibaya kuliko wote, nilimpelekea mama yule wa Kabambare gunia moja la mpunga. Alilipokea, akaniuliza, "Mwalimu, na mwaka huu nani atashinda?" Nikamwambia sijui.