Bia ya Krismasi haijaharibika, wasee

Kila Desemba mashabiki wa bia Marekani wanaanza: "Celebration ya mwaka huu si kama ya mwaka jana!" Na iwe hivyo, shida iko wapi? Sierra Nevada wa California wanaipika tangu 1981 kwa hopsi za kwanza za mavuno mapya. Hopsi ni maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Yanatoka shambani, so jua na mvua zikibadilika, ladha pia inabadilika. Mbona embe hamlishtaki? Na ile chupa umeficha tangu mwaka jana si shahidi, juu harufu ya hopsi hupotea ikikaa. Tukililia ladha moja kila mwaka, tutaletewa bia isiyojua shamba. Unataka isiyobadilika? Kunywa soda, bana.