«Allô, bwana yangu eko wapi?»

Ilikuwa saa kumi ya usiku. Simu inalia, namba siijui, ninaitika. Mama mmoja, sauti ya kuchoka: «Allô, bwana yangu eko wapi?» Ninamwambia, mama, umekosea namba. Anasema hapana, ile namba anaijua kwa kichwa, ni ya bwana yake tangu waoane. «Weye unayeitika njo nani? Na simu umeitoa wapi?»

Namba nilikuwa nimeinunua miezi miwili mbele ya pale, Kadutu, nikaandikwa na karte yangu ya uchaguzi kama kila mtu. Sikuiba kitu. Basi nilikata simu, nikalala. Kesho yake akapiga tena, nikamjibu vibaya. Mara ya tatu alikuwa analia, njo nikaelewa. Bwana yake aliingia machimbo ya upande wa Shabunda, miezi inapita, hakuna habari. Na sasa mwanaume asiyemjua anaitika kwa simu yake. Kwa yule mama mimi nilikuwa mwizi, ao mbaya zaidi ya mwizi.

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama mnaobaki nyumbani na watoto, jambo hili tunalichukua kama mchezo. Tunasema «umekosea», tunakata, basi. Lakini tuangalie namna linavyotokea.

Namba ya simu si mali yetu. ARPTC, ile ofisi ya Serikali inayosimamia mambo ya simu, njo inagawa namba kwa Vodacom, Airtel, Orange na wengine, na kampuni zinatuazima sisi. Kadi ikilala muda mrefu bila kupiga wala kutiwa inite, kampuni inaikata. Kisha ile namba inauzwa tena kama mpya. Hilo peke yake silioni kuwa kosa. Nyuma ya 243 kuna tarakimu tisa tu, na kama kila namba iliyokufa ingetupwa, siku moja zingeisha. Shida ni kwamba kanuni hii imekatwa kwa kipimo cha mtu wa Gombe, ambaye simu yake hainyamazi hata siku moja. Mchimbaji anaingia pori, rezo hakuna, miezi mitatu, miezi mitano. Anatoka na kidhahabu chake kidogo, anakuta namba imekwisha kufa, na mwingine analala nayo.

Na pamoja na namba inakwenda pesa. Tangu M-Pesa iingie kwetu mwaka 2012, wengi wetu benki yetu ni simu. Na benki za Bukavu zilipofunga milango mwezi wa pili 2025, hata wale waliokuwa wanatucheka wakaja kupanga mstari pamoja nasi kwa kabine. Mimi mwenyewe siku moja niliona franga 40 000 zinaingia. Négociant mmoja alikuwa analipa sehemu ya yule mwenye namba ya zamani. Kula pesa ile ni kuiba, hatuna haja ya kuzunguka. Lakini kuirudisha mbio-mbio nako kuna hatari. Kuna wajanja wanaotuma, wanapiga simu wakilia «nirudishie, nimekosea», unarudisha, halafu wanakwenda kulalamika kwa kampuni irudishe mara ya pili. Nilimwambia yule négociant aende kwa kampuni yake, mimi sitagusa, nao watairudisha wenyewe. Alinitukana kwanza. Kisha ikarudi.

Mwingine alikuwa ananitishia polisi juu ya deni la mafuta ya pompi. Mtu kama huyo usimpe jina lako wala mtaa wako. Mwambie tu: tangu mwezi fulani namba hii ni yangu, mwenye zamani simjui. Na kode yoyote ikiingia kwa mesaji, hata akuombe kwa machozi, hapana kumsomea.

Lakini kinachonichoma zaidi ni siku ya kifo. Tarehe 11 mwezi wa 9, 2020, mvua ilijaza maji mashimo ya Detroit pale Kamituga, makumi ya vijana wakabaki chini. Siku kama ile, kitu cha kwanza komite inatafuta ni namba ya familia. Sasa fikiri: namba iliyoandikwa katika kaye ya shimo iko kwa mtu wa Uvira asiyemjua marehemu, naye anajibu «umekosea» na kukata.

Kampuni zinaweza kufanya kitu. Zingoje muda mrefu zaidi mbele ya kuuza namba iliyolala, zaidi kwa watu wa machimbo. Zitume mesaji mara nyingi mbele ya kukata, na anayepiga namba iliyokatwa aambiwe wazi kwamba imekatwa. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25/11/2020 iko, na ARPTC iko. Wasituambie ni kazi ngumu. Wakati wa RAM walijua kila simu ya kila mtu, hata ya mama muuza sombe, na inite zilikuwa zinakatwa palepale. Kukata waliweza bila shida.

Sisi nasi tusingojee Kinshasa. Anayeingia pori kwa muda mrefu, kadi aiache kwa bibi yake nyumbani, aipigishe kila mwezi. Anayetaka kubaki nayo, karibu kila chimbo lina kilima chake cha rezo: kijana anayepanda Jumapili achukue kadi za wenzake kumi, apige simu moja kwa kila moja. PDG wa shimo aandike namba mbili za familia, si moja, na azijaribu kila miezi mitatu. Na namba ikifa, itolewe haraka katika kundi la WhatsApp la komite, juu mwenye kuinunua anaweza kujikuta ndani, anasoma bei zenu na njia mnayopita na mzigo.

Yule mama, mara ya tatu, nilimuuliza jina la chimbo. Nikatafuta kupitia wandugu wa sendika, motard mmoja akabeba karatasi. Siku ya tisa bwana yake akanipigia kwa simu ya kuazima. Alikuwa mzima, yake ilikuwa imeanguka ndani ya maji. Alisema: «Yaya, unirudishie namba yangu.» Tulikwenda kuuliza, wakakataa, imeandikwa kwa jina langu. Mpaka leo watu wake wanapiga kwangu. Ninawapa namba yake mpya, yeye aliniruhusu. Wiki iliyopita walikuwa wanne.