Mgonjwa Haulizwi Uji?

Katika siasa za Afrika, cheo cha udaktari kimekuwa na uzito ambao aghalabu hauhojiwi. Ajuaye dawa ya mwili hudhaniwa kuwa anaijua ya taifa pia. Maisha ya Hastings Kamuzu Banda wa Malawi yanaitia dhana hiyo dosari kubwa.

Banda alihitimu udaktari mjini Nashville, Marekani, mwaka 1937, kisha akawatibu Waingereza kwa miaka mingi, hususan mtaani Harlesden, London. Aliporejea Nyasaland tarehe 6 Julai 1958, alihutubia watu wake kwa Kiingereza kupitia mkalimani. Vijana waliomwita, akina Henry Chipembere na Kanyama Chiume, walitaka mzee wa kuheshimika. Walimkweza wenyewe.

Uhuru ulipatikana tarehe 6 Julai 1964. Miezi miwili baadaye baraza la mawaziri lilikuwa limevunjika. Malalamiko yalikuwa mengi, yakiwemo mishahara ya watumishi wa serikali na urafiki na Wareno wa Msumbiji. Lakini lipo moja dogo linalosema zaidi ya yote: ada ya peni 3 waliyotozwa wagonjwa wasiolazwa hospitalini. Ajabu iliyoje! Wanasiasa ndio waliowatetea wagonjwa, ilhali tabibu aliitetea ada. Huenda hesabu zilimwunga mkono, kwani serikali yake ilitegemea ruzuku ya Uingereza. Hata hivyo, waliomhoji hawakujibiwa kwa hesabu. Watatu walifutwa kazi mwezi Septemba, na wengine wakajiuzulu.

Chiume alikimbilia Tanzania, na wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanamfahamu kwa riwaya yake *Dunia Ngumu*. Orton Chirwa, waziri wa kwanza wa sheria, alifia gerezani Zomba mwaka 1992. Banda naye alikuwa amejifanya rais wa maisha tangu 1971.

Wapo wanaodai kwamba ni udaktari uliomfunza kuamrisha. Dai hilo linauonea udaktari. Tabibu halisi huanza kwa kuuliza mgonjwa anaumwa wapi, kisha akanyamaza asikilize. Hilo ndilo Banda aliloliacha Harlesden. Akabakiwa na koti na kofia, na imani kwamba mgonjwa haulizwi uji.

Tarehe 14 Juni 1993, kwa shinikizo la maaskofu, wapinzani na wafadhili, Wamalawi waliulizwa hatimaye kama waliutaka mfumo wa chama kimoja. Takriban thuluthi mbili walijibu kwamba hawakuutaka.