Si Kila Homa ni ya Meno

Kati ya maswali yanayoufikia ukurasa huu, moja halikosi kila majira ya baridi: mtoto anaota meno, ana homa, analia tangu saa nne ya usiku, na jirani wa ghorofa ya chini ameanza kugonga dari. Nyumbani angekuwapo bibi wa kumpokea mama mtoto huyo hata alfajiri. Hapa Uingereza bibi yumo katika simu tu. Ushauri wake hufika, mikono yake haifiki.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tulilelewa tukiliamini, yaani kwamba meno huleta homa kali na kuharisha. Jino la kwanza aghalabu hutokeza mtoto akiwa na miezi 6 hivi, na yote 20 hutimia akikaribia miaka 3. Katika miezi hiyo hiyo kinga aliyoipata tumboni mwa mama yake huwa imepungua, naye hutia kinywani kila akiokotacho. Basi maradhi na meno hukutana njiani, na meno ndiyo yanayosingiziwa. Jino huleta udenda, shavu jekundu, ufizi uliovimba, pengine na joto la mwili kupanda kidogo. Kipimajoto kikifika digrii 38, mhesabuni mtoto kuwa mgonjwa, na chanzo kitafutwe kwingine.

Twalisema hili kwa mkazo kwa sababu ya jambo ambalo baadhi ya familia hulinong'ona. Katika miaka ya 1980 ilienea Tanzania imani ya "meno ya plastiki", ambayo Uganda huitwa ebino. Mtoto akiharisha na kuchemka, ufizi wake hupasuliwa na vijimeno vya chonge ambavyo havijatoka huchokolewa kwa kisu au spoki ya baiskeli iliyonolewa. Kitolewacho si plastiki wala mdudu. Ni chipukizi la jino lake mwenyewe, laini na jeupe kwa kuwa halijakomaa. Wako watoto waliotokwa damu hata wakafa, na waliopata pepopunda; waliosalimika wengi hukua na meno yaliyopotoka au yasiyoota kamwe. Na kule kuharisha kulikoanzisha yote hubaki bila tiba! Madaktari wa meno wa hapa Uingereza nao wamekutana na watoto waliofanyiwa hivyo. Jamaa akikushaurini kumpeleka mtoto kwa fundi wa kazi hiyo mtakapokwenda likizo, mkatalieni kwa heshima, lakini mkatalieni.

Ama usiku wenyewe, kabla ya kulala nawa mikono, umsugue ufizi kwa kidole, au umpe pete ya kutafuna iliyopozwa ndani ya friji, si katika sehemu ya barafu. Anyonye mara kwa mara hata kama ni kidogo kidogo, maana mwenye homa hukauka upesi. Parasetamoli ya maji hutolewa kuanzia miezi 2, mradi mtoto ametimiza kilo 4. Ibuprofeni kuanzia miezi 3 na kilo 5. Someni kipimo kwenye chupa na mpime kwa bomba lake, si kwa kijiko cha chai. Saa ya dozi iandikwe na kubandikwa ukutani, kwani baba arudipo kutoka zamu ya usiku huweza kuirudia bila kujua. Aspirini asipewe kamwe. Wala msitumie jeli za ganzi zenye benzokaini mnazoletewa na jamaa wa Marekani: huko kwenyewe mamlaka ya dawa ilitoa onyo mwaka 2018 zisitumiwe kwa walio chini ya miaka 2. Shanga shingoni nazo zivuliwe kabla ya usingizi, ziwe za kaharabu au za kwetu.

Tunayo desturi ya kumfunika mwenye homa kwa mablanketi atoke jasho. Mfunueni. Chumba cha digrii 16 hadi 20 chatosha, naye alazwe chali juu ya godoro lililonyooka, bila mto. Mama aliyechoka asikae naye kwenye sofa, kwa maana usingizi ukimchukua hapo mtoto yumo hatarini kuliko mahali pengi pengine.

Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye digrii 38, au wa miezi 3 hadi 6 mwenye 39, asingojewe kukuche. Vivyo hivyo aliyekaa saa 12 nepi ikiwa kavu. Pigeni simu 111, ni bure usiku na mchana. Msione haya kwa Kiingereza chenu: tajeni neno "Swahili", naye mkalimani ataunganishwa. Akiwa haamki vyema, mbavu zikibonyea apumuapo, akishikwa na degedege, utosi ukivimba, au vipele vikikaa vile vile mnapovikandamiza kwa bilauri ya kioo, ni 999 mara moja.

Mwezi ujao, inshallah, tutaeleza habari za kumwachisha mtoto ziwa.