Nyasi Si Nyasi Tu

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii twaitaja kila uchao, lakini ni wangapi miongoni mwetu wawezao kueleza ni nyasi zipi? Aghalabu kamusi zetu hutosheka kusema 'aina ya nyasi' na kuishia hapo. Huo ni upungufu ambao sisi wasomi wa Kiswahili hatuna budi kuuondoa.

Tutazame uwanja wowote hapa Westlands, kuanzia Chiromo hadi City Park. Ukoka na sangari hutambaa na kufanana kama pacha. Hata hivyo, masuke ya ukoka huchipuka pahali pamoja mithili ya vidole, ilhali ya sangari hupangika kwenye kijiti kifupi. Pale jani linapoachana na shina, ukoka una ukingo wa vinyweleo. Sangari ina utando mwembamba. Ndago nayo si nyasi kamwe, japo hujumuishwa humo: shina lake lina pembe tatu na halina vifundo, ilhali shina la nyasi lina vifundo na kwa kawaida ni la mviringo.

Tofauti hizi si za urembo. Dawa iuayo nyasi pekee haiiui ndago. Mkulima asiyezitenganisha hupoteza fedha na jasho.

Yumkini mtu atadai kwamba hii ni kazi ya wanabotania, na kwamba Kiswahili hakina istilahi. Sikubaliani naye. Muwa umetupa pingili, jambia limetupa ala, mtama umetupa suke. Je, ule utando ulio baina ya ala na jani usiitwe kilimi kwa nini? Kinachokosekana si maneno bali matumizi. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani mwaka 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950, i mwendo mfupi tu kutoka Chiromo. Lakini maelezo makuu ya mimea ya eneo letu, yaliyochapishwa kwa sehemu kuanzia 1952 hadi 2012, ni ya Kiingereza.

Katika fonolojia twatenganisha /p/ na /b/ kwa sifa bainifu moja tu, ughuna. Mbinu iyo hiyo yafaa nyasi. Shime basi, wanafunzi wenzangu wa leksikografia: tuandamane na wenzetu wa botania, tuliguse shina, tulifunue jani, ndipo tuandike fasili. Kamusi isiyobainisha haijafasili.